Coaster za kukodi kwa ziara za kikundi Mwanza: tathmini inayoanza na usalama wa abiria

Ukitafuta gari la kupeleka kwaya, wanakikoba, wanafunzi au wafanyakazi wa ofisi kutembea nje ya Mwanza, utatumiwa picha za Coaster: rangi, mapazia, spika, kiyoyozi. Bei utapewa kwa siku, na ukiuliza habari za usalama utajibiwa, "Gari ni zima kabisa, bosi." Hapa tunaipima huduma hiyo nzima, yaani gari, dereva na kiongozi wa ziara, kwa njia zinazotumika zaidi: Serengeti kupitia lango la Ndabaka, makumbusho ya Bujora, Sengerema na Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi, na Ukerewe kupitia Kisorya. Kampuni hatuzitaji, maana gari lile lile leo hukodishwa na huyu, kesho na yule. Unachoweza kupima mwenyewe ni gari lililo mbele yako, mtu aliyeshika usukani na ratiba iliyoandikwa. Katika hayo matatu, ratiba ndiyo tunayoihofia zaidi, kwa sababu ikiwa mbaya humlazimisha hata dereva mzuri kufanya asichotaka.

Chukua kifurushi kinachouzwa sana: "Serengeti siku moja, kurudi tunapitia Bujora." Kutoka mjini hadi Ndabaka ni kama kilometa 140. Lami ni nzuri, lakini mwisho wa mwendo wa basi ni kilometa 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Njia hiyo inapita Kisesa, Nyanguge, Magu na Lamadi, na kila mahali pana watoto, bodaboda na minada ya ng'ombe. Wastani halisi ni kilometa 55 hadi 60 kwa saa. Ukiondoka saa 12 asubuhi na kusimama mara moja Magu kwa dakika 20, unafika getini karibu saa 3. Malipo na uandikishaji wa kikundi vinakula dakika 45 hivi. Mwanza jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika 10 jioni, kwa hiyo ili ufike mjini kabla ya giza, gurudumu litoke getini saa 9 na nusu alasiri. Ndani ya hifadhi unabaki na saa 5 na dakika 45, na Bujora haina nafasi. Makumbusho yale yako Kisesa, kama kilometa 20 tu kutoka mjini. Yapewe nusu siku yake, yanastahili.

Sasa tazama linalotokea gari likiondoka saa 2 badala ya saa 12. Mmoja bado yuko njiani, mweka hazina anakusanya michango ya mwisho, kisha dereva anapitia kituo cha mafuta abiria wakiwa ndani. Saa mbili zimepotea, na hakuna anayekubali kuzikata kwenye matembezi ya hifadhini, maana kila mtu amelipia simba. Hukatwa kwenye kurudi. Dereva anaanza kukimbiza gari kati ya Lamadi na Nyanguge jioni, saa ile ng'ombe wanarudi mazizini, baiskeli hazina taa, na lori lililokufa limeachwa nusu kwenye lami, likiwa na matawi ya mti yaliyotandazwa nyuma yake kama onyo. Matawi hayo kwa taa za Coaster iliyo kwenye 90 huonekana wakati nafasi ya kufunga breki imeshapita. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri saa 24, lakini ruhusa hiyo haiangazi barabara. Ziara ya starehe haina sababu ya kuwa njiani usiku.

Kwa hiyo alama za juu tunampa mtoa huduma anayeandika ratiba kuanzia mwisho kuja mwanzo: kwanza saa ya kufika nyumbani, kisha saa ya mwisho ya kutoka getini, kisha yaliyobaki. Kiongozi awe na ruhusa ya maandishi kukata kituo chochote gari likichelewa zaidi ya dakika 30. Wengi wa tuliowalinganisha hawana kitu hicho. Ratiba yao ni orodha ya vivutio tu, haina saa hata moja ya kuondoka mahali. Mafuta yajazwe jana yake jioni, gari likiwa tupu, na tanki likifika nusu hifadhini kiongozi aanze kufikiria kurudi.

Tukija kwa dereva, leseni ndiyo ya kwanza. Gari la abiria 15 hadi chini ya 30 linataka daraja C1. La abiria 30 na kuendelea linataka C. Daraja D la gari dogo la binafsi halitoshi, hata kama mwenye nalo ni ndugu wa mwenye Coaster na "anaijua gari." Omba kuiona leseni yenyewe, utazame tarehe ya mwisho. Kisha chukua namba ya gari uiangalie kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa faini za barabarani. Deni moja la kuegesha vibaya halisemi mengi. Mfululizo wa faini za mwendo kasi kwenye gari moja unakuambia jinsi linavyoendeshwa. Mabasi ya masafa marefu hufungwa kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwendo, VTS. Muulize mwenye Coaster kama yake imefungwa na inafanya kazi, na akijibu kwa kuzungukazunguka, umepata jibu.

Jambo linalosahaulika karibu kila mara ni mahali dereva anapolala. Ziara ya siku mbili ikifika Ukerewe au Geita, abiria wanagawiwa vyumba na dereva anaachiwa siti ya nyuma "alinde gari." Analala amekunja magoti, mbu wanamla, na saa 12 asubuhi anakabidhiwa roho ishirini na kitu. Chumba cha dereva kiandikwe kwenye mkataba, na kilipwe kabla ya vyumba vya wengine. Posho yake pia iwe wazi, kwa sababu bei ya chini sana mara nyingi imepunguzwa hapo, na dereva asiye na posho huokota abiria njiani kufidia. Mchana asishindiliwe sahani ya ugali kisha aambiwe twende saa 8. Ale kiasi, apumzike nusu saa, na kila baada ya saa mbili za kuendesha asimame dakika 15. Safari inayozidi saa 8 za usukani iwe na madereva wawili.

Gari lenyewe likaguliwe jana yake, mchana, likiwa limeegeshwa pakavu. Anza na matairi. Coaster ina sita chini, maana nyuma ni mapacha, na moja la akiba. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho zilizozungushiwa duara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita lisikae mbele hata kama meno yake ni marefu, kwani mpira ukizeeka hukakamaa, hupasuka kwa ndani na kuachia kwenye joto la lami ya mchana. Kina cha meno kisipungue milimita 3 kwa safari ya mvua. Tairi lililovikwa mpira upya lisiwekwe mbele hata kidogo: likipasuka nyuma una pacha wake, likipasuka mbele usukani unakunyang'anya mkono. Ingiza mkono kati ya mapacha ya nyuma, maana hapo ndipo kipara na jiwe lililobana hujificha. Tazama nati. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kuelekea nje ni dalili kwamba nati hiyo inacheza. Tairi likibadilishwa njiani, nati zikazwe tena baada ya kilometa 50 hadi 80.

Breki ipimwe injini ikiwaka: kanyaga kwa nguvu, shikilia sekunde 30. Pedali ikizama polepole, kuna kuvuja, na gari hilo halisafiri. Uliza pia kama dereva ana tabia ya kuachia gia mteremkoni ili kuokoa mafuta. Kwenye mteremko wa mvua, basi lililo huru linategemea breki peke yake, nazo zikipata moto hulegea. Taifa hili halijasahau tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lilipotumbukia korongoni kwenye mteremko wa Karatu na kuua wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Njia za Mwanza si za milima kama Karatu, lakini waandaaji wa ziara za shule hapa hukodi magari ya aina hiyo hiyo.

Ndani, shika mgongo wa kila siti uutikise kwa mikono miwili. Mkanda hauna kazi kama siti yenyewe imeshikwa na boliti mbili zilizoliwa na kutu. Kisha vuta mkanda kwa ghafla. Ule wa kujifunga wenyewe ukiendelea kutoka bila kukwama, ni pambo. Usiridhike na mikanda ya mbele tu. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na dereva, mshale ukiwa kwenye kijani, na ugeuzwe juu chini mara kadhaa, kwa sababu unga wake huganda chini kwa mtikisiko wa barabara na siku ya moto hutoa hewa tupu. Nyundo ya kuvunjia kioo iwepo, na abiria wajue wapige kona ya kioo cha ubavuni: katikati hudundisha nyundo, na kioo cha mbele hupasuka bila kutoka. Mlango wa dharura ufunguliwe mbele yako, kwa ndani na kwa nje. Tunaupa uzito kwa sababu ndio unaoharibika kimyakimya: hufungwa kwa waya ili usipige kelele, au hupangwa mabegi mpaka usionekane.

Hapo linakuja suala la siti za kukunja katikati ya njia. Coaster inayoitwa ya watu 29 ikiondolewa siti hizo hubaki na siti zisizozidi 24. Mwenye gari atakuuzia 29. Sisi tunapinga. Siti hizo nyingi hazina mkanda wa maana, na aliyekaa humo akizimia au akivunjika mguu, wote wa nyuma yake wamefungiwa. Kodi kwa hesabu ya siti za kudumu, na kikundi cha watu 28 kichukue gari kubwa zaidi au magari mawili. Gharama inapanda, ni kweli, na hatuoni pa kuipunguzia.

Tazama na rangi ya namba. Kwetu namba nyeupe ni gari la biashara, ya njano ni binafsi. Coaster nyingi za shule, makanisa na ofisi zina namba ya njano na hukodishwa wikendi kwa bei nafuu. Gari laweza kuwa zuri kuliko yote mjini, lakini bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kukataa kulipa abiria waliokodi. Hakiki stika kwa namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kisha omba kuiona hati: matumizi yaandikwe ya kubeba abiria kwa malipo, na idadi ya siti ilingane na watu wako. "Ina bima kubwa" ni maneno. Hati ndiyo bima.

Kiongozi wa ziara ndiye tuliyemkuta na tofauti kubwa zaidi kati ya mtoa huduma mmoja na mwingine. Mbaya husimama katikati ya gari linalotembea, kipaza sauti mkononi, mgongo kwa barabara, akichekesha watu. Breki moja ya ghafla na yeye ndiye anayeruka kuelekea kioo cha mbele. Mzuri anakaa siti ya kwanza karibu na mlango, amefunga mkanda, anaona kipima mwendo na uso wa dereva kwenye kioo, na anaongea gari likiwa limesimama. Kabla ya kuondoka husema maneno machache tu, kwa mfano: "Wazee wangu, mama zangu, vijana, karibuni. Tutafunga mikanda mpaka tusimame. Mlango wa dharura ni ule, unafunguka hivi. Nyundo iko pale. Hakuna kushuka mpaka nishuke mimi kwanza. Tukisimama hatuvuki barabara, hata kama upande wa pili kuna mahindi ya kuchoma. Anayeumwa au anayetumia dawa aniambie pembeni." Hiyo haichukui dakika mbili, na heshima iliyomo huwafanya wazee wasikie bila kujiona wanaamrishwa.

Kuhesabu watu nako kuna ufundi. "Wote wapo?" na gari zima kujibu "Ndiyoo!" si hesabu. Wala kuhesabu vichwa peke yake hakutoshi, kwa sababu dada wa duka aliyepanda kuuza korosho anakamilisha idadi huku mtu wako yuko chooni. Orodha iwe ya majina kwa namba ya siti, kila mtu akae siti ile ile siku nzima, na watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake kuanzia nyuma kuja mbele. Wasipolingana, gari haliondoki. Orodha ya pili, yenye simu za ndugu na maradhi ya muhimu kama kisukari, pumu na mzio, ibaki kwa mtu Mwanza ambaye hasafiri. Kwa watoto wa msingi tunapendekeza mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanane, mmoja wao akikaa siti ya mwisho.

Ndani ya Serengeti upande wa Ndabaka, adui ni udongo mweusi. Ukikauka ni mgumu kama zege. Ukinyeshewa, Coaster inayosukumwa na magurudumu ya nyuma inateleza ubavu na kukaa. Nje ya hifadhi abiria wangeshuka kusukuma. Humu hawashuki, kuna wanyama. Msimu wa masika na vuli piga simu getini jana yake uulize hali ya njia, na kama imenyesha usiku, badilisha safari au panda magari yanayosukumwa na magurudumu yote. Mwendo wa juu hifadhini ni kilometa 50 kwa saa. Kuna mbung'o pia. Waambie watu wasivae bluu iliyokolea wala nyeusi, kwani rangi hizo huwavuta, na wafunge madirisha kwenye vichaka. Si kuumwa tu kunakotisha: mbung'o mmoja akiingia, watu husimama, hupiga kelele na kurusha kofia hadi kichwani mwa dereva.

Upande wa Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani ratiba ilitegemea foleni ya kivuko, na madereva walikimbizana kutoka Usagara ili wawahi. Haraka hiyo imekwisha. Imekuja nyingine: kila kikundi kinataka picha juu ya daraja. Gari lisisimame pale kwa ajili hiyo. Ni kilometa 3 za magari yanayopita kwa kasi. Shukieni nchi kavu upande wa Kigongo, mahali ambapo gari linatoka kabisa kwenye lami, mpige picha daraja likionekana lote.

Ukerewe bado ni kivuko, Kisorya hadi Rugezi. Abiria wote washuke kabla gari halijapanda, dereva abaki peke yake, avute breki ya mkono, aliache gari kwenye gia, na magurudumu yawekewe vigingi. Kwenye kivuko kikundi kisirundikane upande mmoja kwa ajili ya mandhari, na wakati wa kutia nanga wasikimbilie mlangoni. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Ukiona watu wamejaa kuliko maboya yanayoonekana, subiri cha pili. Kiongozi asiyethubutu kumwambia mwenyekiti wa kikundi "hiki hatupandi" hafai kazi hii. Boti za kwenda kisiwa cha Saanane ni safari fupi tu, lakini sheria ni ile ile: boya limevaliwa na kufungwa kabla ya kuondoka gatini, na la mtoto liwe la mtoto.

Kurudi kuna mtihani wake. Watu wamenunua sato, furushi la dagaa, mananasi ya Geita, gunia la mchele la Magu. Vyote huingia kwenye njia ya katikati. Ndoo ya samaki wa barafu huvuja maji yenye utelezi, na gunia lililo mbele ya mlango wa dharura linageuza mlango kuwa ukuta. Mizigo mizito ikae kwenye buti, myepesi tu kwenye keria, maana uzito juu ya paa huliyumbisha gari kwenye kona na upepo. Kidumu cha petroli kisipandishwe kabisa, hata cha lita 5, hata cha mwenye gari.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na glovu, bandeji pana, shashi, mkasi, maji safi na karatasi ya namba: 112 polisi, 114 zimamoto, na hospitali za njiani kwa mpangilio wa kilometa. Mwanza mjini kuna Sekou Toure na Bugando. Njia ya Musoma, jua hospitali ya Magu ilipo kabla hujaihitaji. Gari likiharibika, taa za hazadi ziwashwe, pembetatu iwekwe mbali, hatua 60 au zaidi nyuma, na abiria wasimame nje ya barabara upande wa kushoto, mbele ya gari, wala si nyuma yake.

Kama unakodi wiki hii, tunakushauri hivi: mwenye gari akikubali ukaguzi wa jana yake, siti za kudumu tu, chumba cha dereva na saa ya mwisho ya kutoka getini, mpe kazi hata kama kiyoyozi chake kinapiga kelele. Akikataa moja kati ya hayo, tafuta mwingine. Malipo yagawanywe: nusu wakati wa kuweka oda, robo asubuhi ya safari baada ya kuona ni gari na dereva wale wale waliokaguliwa, robo baada ya kurudi. Na kwenye mkataba ongeza mstari mmoja unaosema kwamba safari ikiahirishwa kwa mvua au kwa ubovu wa gari, kikundi kinapewa tarehe nyingine bila kuongeza hela. Mahali ambapo mstari huo haupo, ndipo asubuhi ya mvua watu hutazamana, wakakumbuka pesa waliyokwishalipa, wakapanda.